Kigae Kimoja Tu

Mabomba yote ya nyumba yalikuwa yamefungwa, na mita ya maji ilikuwa bado inazunguka. Spana alichuchumaa mbele yake, akakitazama kile kigurudumu chekundu kikizunguka taratibu bila aibu, kisha akainuka akijipangusa magoti. Maji yalikuwa yanapotelea mahali, na mahali penyewe palikuwa chini ya sakafu ya sebule ya mama mkwe wake. Hapo ndipo shida ilipoanzia, maana ile haikuwa sakafu ya kuguswa hivi hivi.

Spana si jina alilozaliwa nalo. Alipewa na mafundi wenzake alipoanza kazi ya bomba, kwa sababu alikuwa radhi akuazime viatu vyake lakini si spana yake, na hata wakwe walishalizoea. Mumewe alikuwa kinyozi, mtu mpole wa maneno mengi, kitinda mimba wa nyumba hiyo. Baba mkwe alipofariki wao wawili walihamia kwa mama ili asibaki peke yake.

Na baba mkwe huyo alikuwa fundi wa vigae. Maisha yake yote alitandaza sakafu za watu, ya kwake ikabaki saruji tupu, kama ilivyo ada ya mafundi. Alipoacha kazi ndipo akaigeukia sebule yake. Alipima, akaitukana kamba yake, akabandua alichobandika jana akaanza upya, na mkewe akapika kwa miezi akiruka ndoo. Kigae cha mwisho kilipokaa, mzee alijilaza chali sakafuni akatangaza kwamba mgongo wake sasa umefika nyumbani. Tangu hapo ikawa desturi yake kila mchana, chali palepale, mikono kifuani, na ole wake atakayemruka. Hakuifaidi muda mrefu. Kiwanda cha vigae vile nacho kilikuwa kimeshafungwa, kwa hiyo ukivunja kimoja hupati cha kukifidia.

Sasa ukuta wa dirishani ulikuwa umefanya ufa wa kuingiza kucha. Kaka mkubwa wa familia, ambaye kazi yake ni kukodisha mashine za ujenzi, alikuja akauangalia, akaupigapiga, akasikiliza, akanuna. Huyu walimwita Mara Moja, kwa sababu hakuna kazi duniani asiyoweza kuifanya mara moja. Alisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa kweli siku hiyo methali ilikuwa na ufa wake wa kuonyeshea kidole. Mabomba ya chini yalilazwa zamani na mtu ambaye alikufa na ramani kichwani, kwa hiyo hakuna wa kusema yanapita wapi. Dawa ni kubomoa sebule nzima mara moja, kutafuta bomba, na kumwekea mama vigae vipya vinavyong'aa. Jumamosi angeleta mashine.

Usimlaumu. Aliogopa ukuta usije ukamwangukia mama yake, na uoga wa mtu wa namna ile hutoka kwa sauti ya amri. Lakini Spana alihisi damu inapanda. Alikuwa amemwona mzee akihangaika na sakafu ile, na mara nyingine yeye ndiye aliyemshikia kamba.

"Nipeni mpaka Jumamosi," alisema. "Nitang'oa kigae kimoja tu, na nitakirudisha kizima."

Kinyozi alikohoa, maana alimjua mkewe, akishasema hivyo hata ng'ombe hawezi kumvuta nyuma. Mara Moja aliuliza, na kama kigae hicho kimoja siyo chenyewe? Spana akamjibu kwamba basi alete mashine yake, na yeye mwenyewe atamshikia waya wakati anabomoa.

Mama mkwe aliulizwa anasemaje. Alikuwa ameketi chini kwenye mkeka wake, miguu ameinyoosha kwa sababu ya magoti, mto nyuma ya mgongo. Alisema maji ni maji tu, wayaache yaende yanakokwenda. Watoto wake walitazamana. Waliona ni msiba bado unazungumza, wakamwacha.

Spana alikuwa na kamera ya joto. Aliinunua kwa kuchangiana na rafiki yake fundi umeme, na ilikuwa haikai nyumbani. Fundi umeme huielekeza kwenye masanduku ya waya akaona ni waya gani unachemka kabla haujaunguza nyumba. Jamaa wa mafriji huitafutia mlango unaovuja baridi. Daktari wa mifugo aliwahi kuiazima kwa ajili ya ng'ombe anayechechemea, akarudi anacheka, kwato moja ilikuwa inawaka kama taa. Kamera hiyo haijali rangi wala sura. Penye joto huonyesha njano, penye vuguvugu chungwa, penye baridi buluu, na bomba la maji ya moto likivuja chini ya sakafu, doa lake hujitokeza juu kwa mwenye subira.

Siku ya kwanza aliwatoa watu sebuleni, akafunga madirisha, akaiacha sakafu itulie. Mama mkwe hakutoka. Magoti, alisema. Spana kazini ana ulimi wa kumvua mtu kofia, lakini nani amwambie mama mkwe inuka? Akapima kumzunguka kwa adabu, kama mtu anayefagia huku mgeni amekaa.

Mara akaona doa la njano katikati ya sakafu, kubwa, likiwaka vizuri. Moyo ukamruka. Alipiga hatua kulifuata, doa likapiga hatua. Akasimama, nalo likasimama. Vigae vya mzee viling'arishwa kiasi kwamba vilirudisha joto la mwili wake mwenyewe, na Spana, fundi mzima, alikuwa anajiwinda. Kosa hilo hufanywa na kila mwenye kamera ya joto, na kila mmoja hukana kwamba amewahi kulifanya.

Mama mkwe alicheka. Hakuwa amecheka tangu matanga, na kicheko kilitoka kikavu kwa kukosa mazoezi. Spana alifurahi mno, akataka acheke tena. Akabandika kiganja ukutani, akakiondoa, akampa kamera atazame. Kiganja kilikuwa bado kipo pale, vidole vyote, vya njano juu ya ukuta wa buluu. Mama aliuliza kama ingekuwa hivyo hivyo kwa chombo cha moto, tuseme birika limewekwa mahali. Spana akamwambia ndiyo, kitu chochote chenye moto ukikiweka na kukiondoa, mahali pale panakikumbuka kidogo, halafu panasahau.

Mama aliendelea kuishika kamera. Alitazama mpaka vidole vilipofifia.

"Kumbe joto la mtu linabaki," alisema.

Spana alisema linabaki, mama, lakini si sana. Kisha akaendelea na kazi, safari hii akiielekeza kamera kwa ubavu ili asijione, na sakafu yote aliyoipima ilikuwa buluu.

Asubuhi ya pili doa lilijitokeza lenyewe, karibu na mlango wa jikoni. Halikusogea Spana aliposogea. Akaligusa kwa mkono, vuguvugu. Alikwangua saruji nyeupe ya viungo pole pole kwa patasi nyembamba, akakibandika kigae kishikio cha kufyonza, akakivuta kwa subira huku amejiuma mdomo, na kigae kikatoka kizima bila hata ukucha wa ufa. Chini yake mchanga ulikuwa mkavu kama unga. Aliingiza kidole, akachimba, akachimba tena. Hakuna bomba, hakuna unyevu, hakuna lolote. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio, macho yamemtoka, na Spana alidhani ni huruma.

Habari zilimfikia Mara Moja kabla kigae hakijarudi mahali pake, maana kinyozi hana siri, ukimnyima wembe atanyoa kwa maneno. Shemeji alipiga simu. Hakumcheka, na hilo lilimuuma zaidi. Alimwambia tu kwa upole kwamba amejitahidi, na kwamba Jumamosi asubuhi mashine iko mlangoni. Spana akamjibu kwamba Jumamosi haijafika. Alikata simu akiwa amejaa aibu. Kigae chake kimoja alikuwa amekila, na bado hakuwa radhi kuiona sakafu ile ikigeuka kifusi.

Ijumaa akaanza upya, kona hadi kona. Chini ya dirisha kulikuwa na doa jipya, jana halikuwapo, tena la njano iliyokolea. Alishapiga magoti na patasi mkononi alipoiangalia kamera mara ya pili. Doa lilikuwa duara, na ukingo wake ulikuwa safi kabisa. Sasa, maji yaliyovuja chini ya sakafu hutambaa na mchanga, hujivuta huku na kule kama chai iliyomwagika mezani. Hayajawahi kuchora duara.

Alikwenda jikoni. Asubuhi ile watu walikunywa chai ya chupa na mkate, hakuna aliyepika kitu, ila sufuria kubwa lilikuwa jikoni limeinamishwa, na alipoligusa lilimchoma. Kikulacho ki nguoni mwako. Spana alishika ukingo wa sinki kwa mikono miwili. Hasira zilimpanda kwa namna ambayo hajawahi kuhisi dhidi ya mtu mzima. Mwanamke yule alimwangalia akikwangua viungo vilivyopangwa na marehemu mumewe, akijua chini hakuna kitu. Na Spana ndiye aliyemfundisha hila hiyo, kwa kiganja chake mwenyewe, kwa kutaka kumchekesha.

Alisimama pale mpaka pumzi ilipotulia, maana hasira hasara, na fundi mwenye hasira huvunja vigae. Ndipo swali lilipomjia. Mtu anayetaka kukupeleka pasipo maji si lazima ajue yalipo? Na katika sakafu yote ile, ni wapi ambapo kamera yake haijawahi kuelekea, siku zote hizi, kwa sababu ya heshima?

Akaichukua kamera, akaielekeza sebuleni akiwa mlangoni, bila kupiga hatua. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka wake. Mtu hupasha anapokalia, hilo Spana alilijua. Lakini rangi ya chungwa ilikuwa inatokeza nje ya mkeka, inajivuta kuelekea ukuta wa dirishani, ndefu, isiyo na umbo. Alizima kamera. Alivua viatu, akaenda akaketi sakafuni kando ya mama mkwe wake, akaweka kiganja kwenye kigae pembeni ya mkeka.

"Mama, hapa pana joto."

Mama alitengeneza nguo juu ya magoti yake. Akaitengeneza tena.

"Najua ni maji, mwanangu. Mimi si mjinga."

Alimweleza bila kumtazama. Baada ya matanga, watu walipoondoka, aliona ajilaze pale alipokuwa akijilaza mzee, aone ni kitu gani alichokuwa anakifuata. Sakafu ilikuwa baridi, mifupa ikamuuma, akaona mzee alikuwa mwongo kama wanaume wengine. Akawa anarudi tu kwa ukaidi. Kisha mchana mmoja akakuta pana joto. Alishtuka mpaka akaita jina la mumewe kwa sauti, na alishukuru hakukuwa na mtu wa kumsikia. Ameishi na fundi miaka yote, hakuchukua muda kufahamu kwamba ni bomba limetoboka. Lakini magoti yalipata nafuu. Na mchana ulipofika alikuwa na mahali pa kwenda.

"Mzee alilala hapa na mgongo wake," alisema. "Mkiyaziba maji yenu, mimi nabaki na nini? Na kile kigae ulichong'oa bure, nilitamani ardhi inimeze. Sikulala. Halafu asubuhi nikaweka tena sufuria."

Spana alikuja na hasira, sasa akajikuta anataka kulia. Akapiga moyo konde. Alimweleza jinsi maji yanavyouchota mchanga usiku na mchana, jinsi ukuta unavyopoteza pa kukanyaga, na kwamba mwanawe mkubwa hakosei kuogopa.

"Kesho watavivunja vyote, mama, na hiki kikiwemo. Nipe hiki kimoja, nikuachie vyote."

"Na joto lake?"

Angeweza kusema uongo mzuri hapo, na wengi wangesema. "Sijui bado," alisema Spana. "Lakini nitalitafuta mpaka nilipate."

Mama mkwe alinyoosha mkono ainuliwe. Magoti yalilia, akasimama, akaukunja mkeka kwa mikono yake mwenyewe.

Kigae kile kilikuwa kikaidi kuliko cha kwanza. Spana alikwangua mchana kutwa, na kilipoinuka hatimaye, harufu ya udongo uliolowa ilijaa sebule. Alimulika tochi ndani. Mchanga haukuwapo. Palikuwa na pango, akazamisha mkono mpaka begani bila kugusa mwisho upande wa ukutani, na katikati yake bomba la chuma lililoliwa na kutu lilikuwa linatema maji ya moto kwenye kiungo, taratibu, bila haraka yoyote. Akaenda kufunga maji. Kwa mara ya kwanza katika siku zote hizo alijiruhusu kucheka, kidogo, peke yake, mbele ya mita.

Jumamosi asubuhi Mara Moja alifika na mashine na vibarua. Alimkuta mama yake ameketi kwenye kiti, katikati ya mlango, fimbo mapajani. Alimsalimia, akasubiri apishwe. Mama akamwambia mashine ibaki nje, viatu vibaki nje, na yeye aingie ndani aone. Akaingia kwa soksi. Aliinama kwenye shimo, akamulika, akazamisha mkono mpaka begani. Aliona kwamba aliogopa jambo la kweli. Aliona pia kwamba shimo lote lilifikika kwa kung'oa kigae kimoja.

Aliuliza afanye nini. Spana, akiwa amelala kifudifudi na spana yake mkononi, alimwambia anahitaji mchanga, ndoo nyingi, ushindiliwe mpaka chini ya ukuta.

"Mara moja," mama yake akaongezea kutoka mlangoni.

Basi mwenye mashine alibeba ndoo. Kinyozi naye alibeba, akipiga soga, huku akihesabiwa kama nusu mtu. Spana alikata kipande kilichooza, akaunga bomba jipya, na sehemu ya bomba aliyoweza kuifikia aliivika sponji yake nene ya kuhifadhi joto, maana bomba la maji ya moto halilazwi uchi, hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua. Ila pale chini ya kigae chenyewe alifanya kitu kingine. Alilipandisha bomba kwa viungo viwili, akalilaza juu ya saruji karibu kabisa na mgongo wa kigae, na hakulivika kitu. Mumewe alichungulia akamwambia amesahau sponji. Spana akamwambia hajasahau, na hilo, tafadhali, lisifike kibandani kwa wateja.

Kigae kilirudi kizima. Maji yalifunguliwa, na familia nzima ikatoka nje kuitazama mita, wakasimama kuizunguka wakifurahia kitu ambacho hakizunguki. Mara Moja alimwambia shemeji yake kwamba safari nyingine ataanza kwa kumpigia yeye simu. Kwa mtu kama yule, huko ni kupiga magoti.

Saruji ilipokauka vizuri, mama mkwe alikwenda mchana akajilaza palepale. Spana alimwona kutoka korido. Alikaa kidogo, akainuka kwa shida, akapitiliza chumbani, na mkeka ukabaki umekunjwa ukutani. Spana alijua kosa liko wapi. Bomba lililopona halitoi joto bure, hupata joto pale tu mtu anapotumia maji ya moto, na mchana ule hakuna aliyekuwa ameyatumia.

Kesho yake, watu walipomaliza kula mchana, alimzuia kinyozi asiguse vyombo. Alifungua bomba la maji ya moto jikoni, akaanza kuosha, sahani kwa sahani, kikombe kwa kikombe, bila pupa. Alisikia hatua za mama mkwe zikiingia sebuleni. Zikasimama. Alijua ameinama kuweka kiganja chini. Kisha Spana akasikia mkeka ukikunjuliwa, magoti yakilia, na pumzi ndefu ya mtu aliyejilaza chali.

Aliendelea kuosha. Vyombo vilikuwa vinakwisha, akabakiwa na kijiko.

"Mwanangu," mama mkwe aliita kutoka sebuleni, sauti imelegea, "hivyo vyombo ndiyo vimeisha?"

"Bado, mama," alisema Spana, akashusha sahani safi kutoka kabatini, akaanza kuziosha upya. "Viko vingi."